Kishale Pembeni mwa Picha

Waliofika Simbo kumaliza matanga ya Gervas walikuwa wengi, wa kanisani, wa ukoo na wa shambani, lakini tulioujua ule mwaka wa kompyuta tulikuwa watano tu, na nitatutaja ili msomaji ajue nani ni nani. Alikuwepo Febronia, mjane wake, ambaye mwaka ule alikuwa bado mchumba na kila Jumamosi alikuja ofisini na kapu la magimbi ya kuchemsha. Alikuwepo Idrisa, fundi wa redio wa Kasingirima, ambaye si ndugu wa mtu yeyote pale lakini alilia kuliko ndugu. Alikuwepo Bi Zuhura, aliyenipa chumba nilipokuwa sina pa kwenda, ambaye siku hizi macho yamemwacha na aliletwa kwa bodaboda, akimtukana dereva kila mahali penye shimo. Alikuwepo binti yangu Goreti, ambaye mwaka ule alikuwa na miaka sita na sasa ana watoto watatu. Wa tano ni mimi, Venansia, niliyekuwa mfagiaji. Karani wa ofisi alikuwa marehemu mwenyewe, kwa hiyo sasa ofisi ile imebaki na mfagiaji peke yake.

Tulikuwa tumekaa mkekani baada ya chakula, Goreti anahangaika na simu yake. Inaganda, akasema, nzito kama jiwe la kusagia. Akaanza kuondoa vile vipicha vidogo vya usoni, kimoja kimoja, ili ipumue. Idrisa akamchungulia akacheka. "Mwanangu, unafanya kama marehemu! Hivyo unavyoondoa havina uzito. Vilivyo wazi huko nyuma ndivyo vinavyokula." Kisha akasita, mkono mdomoni, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mgonjwa. Febronia akainamisha kichwa. Bi Zuhura, ambaye haoni lakini anasikia, akanigeuzia uso. Goreti akaniuliza tukiwa njiani kurudi Gungu, "Mama, kwani pale kulitokea nini?" Nikamwambia nitaandika. Mimi niliishia darasa la tatu, mwandiko wangu ni wa kukwaruza, lakini majina siyasahau, na mwaka ule ulikuwa wa majina.

Mwaka ule nilikuwa namtafuta mume wangu, Melkiori. Tulipoteana ufukweni siku ya kukimbia vita, huko ng'ambo ya ziwa. Alirudi nyuma kumchukua mzee mmoja aliyeanguka, mtumbwi ukajaa, ukaondoka na mimi na mtoto. Basi. Tulifika upande huu na nguo za mwilini, na kwa sababu ya mguu wa Goreti uliokuwa ukitibiwa nilipewa karatasi ya kukaa mjini badala ya kambini. Watu walisema nina bahati. Kambini kulikuwa na watu wanaosema lugha yako. Mjini nilikuwa na karatasi.

Bi Zuhura alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, popote Ujiji penye kundi la watu alikuwepo yeye na mwiko wake mrefu kama kasia. Masufuria yake makubwa alikuwa akiyaazimisha huku na huko, lakini vifuniko alivitundika kwenye ukuta wa chumba alichonipa mimi, nyuma ya nyumba. Vilikuwa kumi na viwili. Nililala nikivitazama. Upepo wa ziwani ukiingia dirishani viligongana taratibu, na Goreti alikuwa akisema vinaongea. Tulipikia uani, ugali wa muhogo na dagaa, na siku Bi Zuhura akirudi na masalio ya shughuli tulikula samaki wa ziwani, migebuka iliyokaangwa kwa mawese, mafuta mekundu yanashuka mpaka kwenye kiwiko. Lakini chakula kizuri ukila peke yako kinakwama. Nilikuwa namwekea Melkiori kipande, mkia, maana alipenda mkia, kisha asubuhi nampa Goreti. Siku moja nikamsikia Bi Zuhura kupitia ukutani akimwambia mgeni: "Mpangaji wangu? Hana neno. Anafagia, anapika, anaitikia. Ila roho aliisahau ng'ambo, aliyekuja huku ni mwili." Sikukasirika. Nilifurahi kwamba kuna mtu ameona.

Ni yeye aliyenitafutia kazi ya kufagia ile ofisi ya Gungu. Ilikuwa chumba kimoja cha kanisa, mlango wa bluu, benchi nje. Kazi yake ilikuwa kupokea karatasi kutoka kambini, zile za watu waliopoteana. Karatasi moja inasema fulani mwana wa fulani yuko kambi fulani, anamtafuta fulani. Gervas alizisoma kwa sauti huku akiziingiza kwenye kompyuta, kwa sababu, alisema, asiposoma kwa sauti vidole vinalala. Mimi nikiwa na fagio nilisikia yote. Mpaka leo nikifumba macho nawasikia: Ndayizeye mwana wa Baranyikwa, anamtafuta dada yake. Nahimana mwana wa Sindayihebura, anatafuta watoto wanne. Karatasi nyingine zilikuja zimeshaingizwa na makarani wa huko kambini, kwenye visahani vyeusi vya plastiki ambavyo Gervas alivitumbukiza kwenye mashine, na hizo hazikusomwa na mtu. Zilimezwa tu. Kumbukeni hilo.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kubwa kama televisheni ya zamani, ina mgongo, na Gervas aliifunika kwa kitambaa cha kushonwa maua alichoshonewa na Febronia. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, Muha wa Simbo, mpole, mwenye haya, aliyefundishwa kompyuta kwa wiki tatu. Alinisalimia kila asubuhi "Mwakeye, Mama Goreti," nami nikamwitikia, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu makubwa ya siku. Siku aliponiandikisha mimi mwenyewe nilikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza, fagio mapajani.

"Jina la mume?"

"Melkiori."

"La baba yake?"

Nikalinyoosha fagio mapajani.

"Mama Goreti, la baba yake?"

"Ni mkwe wangu."

"Najua ni mkwe wako. Anaitwa nani?"

"Ni mkwe wangu," nikasema tena, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kusema. Kwetu mwanamke aliyeolewa halitaji jina la baba mkwe. Hata neno la kawaida likifanana na jina lake utalizunguka, utatafuta lingine. Tangu siku niliyoingia nyumba ile jina hilo halikupita mdomoni mwangu, na mama mkwe wangu alinifundisha kwamba ulimi unaolitaja unamwita mzee kwenye shari.

Gervas akaweka mikono chini. "Hata bibi yangu Simbo yuko hivyo hivyo. Lakini hii ni mashine, haina ukoo."

"Wewe una ukoo. Na unasikia."

Akafikiri, akamgeukia Goreti aliyekuwa anachezea kamba ya dirisha. "Wewe mrembo, babu yako anaitwa nani?"

"Sogokuru," akasema Goreti, na ndivyo watoto wetu wote wanavyomwita babu. Gervas alishaandika herufi nne ndipo akashtuka, tukacheka wote watatu. Nilikuwa sijacheka tangu ufukweni.

"Basi andika yule mwenye ng'ombe wa mabaka," nikamwambia. "Kilima chote wanamjua."

"Mashine haitafuti ng'ombe, Mama Goreti."

Nafasi ya jina la baba ikabaki tupu. Mara mbili karatasi yangu ilipelekwa kambini, mara mbili ikarudi. Melkiori ni jina la ubatizo, wako kila kona; bila baba, ni Melkiori gani? Kilima cha kwao, ambacho kwetu ndicho kijiji, watu hawakuandika, kwa hofu. Na kwetu hakuna jina la ukoo, kila mtoto ana lake, hata ndugu wa tumbo moja huwezi kuwajua kwa majina. Kamba pekee ya kumfunga mtu ni baba yake, na kamba hiyo nilikuwa nimeikalia.

Gervas hakuniacha. Alisema katika orodha yote kuna Melkiori kumi na mmoja, atawafungua mmoja mmoja aone kila mmoja anamtafuta nani. Lakini mashine ilikuwa nzito, sijui niielezeje. Ukimgusa mtu mmoja kwenye orodha, kile kidude cha kugeuka geuka kilikaa katikati ya kioo, ukaweza kwenda kuchota maji na kurudi. Alimfungua wa kwanza, si yeye. Wa pili, si yeye. Wa tatu ikaganda kabisa, ikawa hata mausi haisogei, akaizima kwa kuchomoa waya ukutani. "Kesho," akasema. Kesho yake ikaganda kwa wa pili. Baada ya hapo watu wa benchini wakawa wengi, na mimi sikuwa mtu wa kudai.

Gervas alikuwa na maelezo yake kuhusu uzito ule. Uso wa kompyuta ulikuwa umejaa vipicha, safu kwa safu, kama stempu: cha barua, cha karata, cha muziki, cha kamusi, cha kuchora. Alisema hivyo ndivyo vinavyojaza kumbukumbu yake. Basi kila Jumatatu asubuhi alifuta kimoja au viwili, kwa uchungu, kama mtu anayepunguza mizigo kwenye mtumbwi. Kisha alimwaga na pipa la taka la humo humo ndani, lisije nalo likawa na uzito. Nilimwona akifuta na kusubiri, kufuta na kusubiri, na mashine ikabaki vilevile. Na akiwa anasubiri alicheza karata. Mtu akija mlangoni aliuteremsha mchezo chini kwa haya, akidhani ameufunga.

Asubuhi moja ya kiangazi, watu kumi na mmoja wapo kwenye benchi, nikamsikia akisema "Yesu wangu" kwa sauti ndogo. Nikaingia na ndoo. Alikuwa ameshika kichwa. Vipicha vilikuwa vimebaki vichache sana, na cha orodha, kile cha kitabu cha manjano alichokibonyeza kila asubuhi, hakikuwepo. Alikuwa amekifuta pamoja na vingine. Na pipa alikuwa amelimwaga.

"Majina yamekwenda," akasema. "Yote. Ya kambi zote." Midomo yake ilikuwa myeupe. Karatasi za kambini zilikuwa zimesharudishwa zamani, na zile za visahani hatukuwahi hata kuzisoma. Nilikaa kwenye sakafu yenye maji. Jambo nililofikiria halikuwa la watu wote wale. Nilifikiria: nimempoteza mara ya pili, na mara hii sikuwa hata kwenye mtumbwi.

Kisha nikamwambia achukue daftari. Sikujua naanza nini. Nikafumba macho nikaanza, Ndayizeye mwana wa Baranyikwa, Nahimana mwana wa Sindayihebura, Bigirimana mwana wa Ntahondi, na wanaotafutwa, na kambi wanakotafutiwa. Gervas aliandika huku machozi yanadondoka kwenye karatasi. Watu wa benchini walisogea dirishani, mama mmoja aliposikia jina la kaka yake nililolisema akapiga kelele. Tulikwenda hivyo mpaka jua likawa utosini, kurasa kumi na saba. Lakini nilijua moyoni kwamba ninachokumbuka ni kile kilichosomwa kwa sauti tu. Vilivyomezwa kimya sikuwa navyo.

Nani alikwenda kumwita Idrisa sikumbuki, nadhani ni mmoja wa wale wa benchini. Alikuja kwa baiskeli kutoka Kasingirima, bisibisi kwenye soksi. Akasikiliza, akauliza swali moja tu.

"Bwana Karani, hicho kipicha kilikuwa na kishale?"

"Kishale gani?"

"Pembeni, chini, kushoto. Kishale kidogo cheusi ndani ya kibanda cheupe. Kama kilikuwa nacho, tumepona. Kama hakikuwa nacho, umefuta chenyewe, tumekwisha."

Gervas akakigeukia kioo. Alikuwa amekitazama kipicha kile kila siku ya Mungu, na hakujua. Wakatazamana.

"Kilikuwa nacho," nikasema mimi.

Wote wawili wakanigeukia. Nikawaeleza kwamba nilipoanza kazi nilidhani ni uchafu wa inzi. Nilikisugua kwa kitambaa chenye sabuni wiki nzima, hakitoki, mpaka Gervas akaniambia niache kukwangua kioo. Kitabu cha manjano, pembe ya chini, kushoto. Idrisa akacheka mpaka akakohoa, akavuta kiti.

Sikuelewa vidole vyake vilifanya nini, lakini hakugusa vipicha. Aliingia ndani zaidi, kwenye makabati ya mashine, alivyoita, akafungua moja, akafungua lililo ndani yake, na orodha ilikuwa pale imelala salama, majina yote. Gervas alitoka nje. Tulimsikia akitapika.

Aliporudi Idrisa akamfundisha, na mimi nikasimama hapo hapo na ndoo. "Kipicha chenye kishale ni njia ya mkato tu, Karani. Ni kibao cha barabarani. Kibao kinachoonyesha hospitali kina wagonjwa ndani? Hakina. Ukikiangusha, hospitali ipo, ila wageni watapotea. Na hakina uzito. Weka vibao mia, barabara haijai. Sasa uniambie, kwa nini mashine yako nzito?" Akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, kikaja kijisanduku chenye orodha nyingine. Akaisoma kwa kidole. "Karata, ipo wazi. Muziki, upo wazi, na spika hakuna! Kamusi, ipo wazi. Hii ya kuchapisha inajiwasha yenyewe kila ukiamsha mashine, na hata mashine ya kuchapisha huna. Na orodha yenyewe, haya, moja, mbili, tatu, nne, tano. Umeifungua mara tano!"

"Mara moja," Gervas akasema. "Ilikuwa inachelewa, nikawa nabonyeza tena."

"Kila ukibonyeza unaamsha nyingine. Zote ziko kazini, zinagombania meza moja. Kabati lako lina nafasi tele, Karani. Meza ndiyo ndogo."

Hapo mimi nikajikuta nasema. "Ni vifuniko vya Bi Zuhura." Wakanitazama. "Chumbani kwangu kuna vifuniko kumi na viwili ukutani. Havili mkaa. Kinachokula mkaa ni sufuria iliyo jikoni. Karani alikuwa anashusha vifuniko ukutani, na masufuria tisa yanachemka."

Idrisa akapiga paja. "Karani, mpe huyu kiti chako, wewe ushike fagio!" Hata Gervas alicheka, kicheko cha mtu aliyenusurika.

Idrisa akaanza kufunga. Karata ikaondoka. Muziki, kamusi, ile inayojiwasha akaikataza kujiwasha, orodha nne kati ya tano. Kila kimoja kilipofungwa nilisikia ile mashine ikishusha mvumo wake, au labda ni mimi niliyeshusha pumzi. Alipogusa jina kwenye orodha likafunguka papo hapo. Hata nafasi ya kwenda kuchota maji haikuwepo. "Sasa ni nyepesi," akasema. "Iulizeni mnachotaka."

Gervas akanitazama, na nilijua anachotaka kusema kabla hajasema. Ilikuwa ni mwezi wa saba. Nilikuwa nimefagia ofisi ile tangu mwezi wa kumi. Nikawaza vifuniko vinavyogongana, nikawaza mkia wa mgebuka kila asubuhi. Nikasema, "Mama mkwe alinikataza kwa mdomo. Vidole hakuvitaja. Tokeni nje."

Wakatoka, Gervas akafunga mlango wa bluu. Herufi nilizijua za katekisimu. Nilizitafuta moja moja kwenye kibodi kwa kidole cha shahada, nikifunika kioo kwa mkono wa kushoto ili hata mimi nisione ninachoandika, nikimwomba mzee radhi kwa kila herufi. Kisha nikabonyeza kile kitufe kikubwa nilichokuwa nikimwona Gervas akikibonyeza, nikaondoa mkono.

Alikuja mmoja. Melkiori mwana wa yule. Karatasi yake ilikuwa imeingia kwa kisahani mwezi wa kumi na moja, mwezi mmoja baada ya mimi kuanza kufagia. Anamtafuta: Mama Anisia.

Anisia ni mtoto wetu wa kwanza, aliyeishi siku arobaini. Kigoma nzima hakuna aliyemjua. Kwao mimi ni Mama Goreti. Lakini Melkiori hakuwahi kuniita vinginevyo, na mume wa kwetu hatamki jina la mkewe mbele ya karani. Na yeye pia alizunguka. Nilimwita Gervas, akasoma, akaniuliza Mama Anisia ni nani, nikamwambia ni mimi. Akakaa chini polepole. Alikuwa Melkiori wa nne. Yule aliyefuata baada ya mashine kuganda.

Barua ilikwenda kambini kwa lori la mahindi. Wiki mbili zile nilipika migebuka kila nilipoweza, nikaanika nguo ya Melkiori niliyomshonea kwa kukisia, na Bi Zuhura alinikuta naimba akasema, "Kumbe roho inajua kuogelea!" Jibu lililetwa na katekista wa huko, mtu mrefu anayeitwa Onesfori. Hakutaka kukaa. Melkiori alikufa mwezi wa nne, kwa homa. Alikuwa akienda kila Ijumaa kwenye ubao wa majina kuuliza kama kuna anayemtafuta mtu wa kwao.

Toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne ni miezi mitano. Kutoka Kigoma mpaka pale ni mwendo wa siku moja.

Gervas hakufika kazini siku tatu. Aliporudi alisema, "Mama Goreti, mimi nilikuwa nacheza karata." Ningemwambia na mimi nilikuwa nimefunga mdomo. Ningemwambia masufuria yalikuwa yako lakini mkaa ulikuwa wangu. Sikumwambia. Nilichukua ndoo nikaendelea kupiga deki, na kimya kile tulikaa nacho, yeye na mimi, kwa miaka yote aliyoishi, tukisalimiana vizuri, tukialikana sikukuu. Siku ile ya matanga kule Simbo, Febronia alinivuta pembeni akaniambia kwamba nyumbani Gervas alikuwa hawezi kulala mpaka azunguke kuhakikisha hakuna kitu kilichoachwa kimewaka, redio, taa, jiko, na akikuta kimoja anakaa chini kana kwamba amepigwa. "Sikujua kwa nini," akasema, "nikadhani ni ubahili." Nikaona kwamba deni la maneno haliozi. Ningemwambia mara moja tu, kosa ni nusu na nusu, Gervas, nusu na nusu. Sasa namwambia kwenye daftari.

Tulikwenda kambini mimi na Goreti, na Gervas ndiye aliyetutafutia nafasi kwenye lori. Makaburi yako kwenye mteremko, udongo mwekundu, misalaba ya mbao. Ule wa Melkiori, katekista alikuwa ameuandika vizuri kwa rangi nyeusi, jina lake juu na la baba yake chini. Nilisimama nikausoma kimya. Goreti alikuwa ameanza darasa la kwanza, anasoma kila kitu anachokiona, magunia, milango. Akaniuliza, "Mama, hapo chini pameandikwa nini?" Nikamshika kidole, nikakipitisha juu ya herufi, moja baada ya nyingine, na yeye akazisoma kwa silabi, kwa sauti ya darasani, akazirudia zote kwa pamoja. Mjukuu anaruhusiwa. Ndiyo mara ya kwanza jina lile kusikika tangu tuvuke ziwa, na lilisikika mbele ya mwanawe.

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Wanaoishi bado ni wachache, na vichwa vyetu vinachoka. Kama Onesfori hakuwa Onesfori, kama kurasa za daftari zilikuwa kumi na nane, kama Bigirimana alikuwa mwana wa mtu mwingine na wewe unayesoma ni mtoto wake, njoo Gungu unisahihishe, au mtume mtu. Nipo nyumbani kila siku na nitafurahi kupata mgeni. Ila pale nilipoacha pengo, kwenye jina la mkwe wangu, msidhani nimesahau. Muulizeni Goreti.